Maumivu Peerie ya Vaelsay

Mansie Isbister alivunjika mguu saa tatu asubuhi, akagonga mlango wa nesi saa sita kasoro robo. Muda ule wa katikati aliutumia kumaliza kulisha kondoo, kunawa uso, kubadilisha sweta na kutembea nusu maili akiegemea mpini wa reki. Alipofika alivua kofia, akaketi jikoni kwa Andrina Halcrow, akawaulizia kuku wake hali, akaulaumu upepo kwa dakika kadhaa, akanywa chai na kuomba kipande cha pili cha mkate. Mazungumzo yalipokauka kabisa ndipo aliposema, macho yako dirishani, kwamba mguu unamuuma peerie.

Neno hilo husomwa piri, na huku Shetland, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, halipumziki. Maana yake ni kidogo. Mtoto ni peerie, kikombe ni peerie, mvua ya kulowesha mpaka nguo za ndani nayo ni peerie. Lakini mtu wa Vaelsay akilitumia kwa mwili wake mwenyewe, tafuta machela. Mguu wa Mansie ulikuwa umevunjika mahali pawili, na helikopta ilimchukua kabla hajamaliza ule mkate, jambo ambalo amelilalamikia kuliko mguu.

Andrina alikuwa amekwishapiga simu mjini wakati mzee bado yuko kwenye habari za kuku. Hakuhitaji kusikia neno, maana alikuwa ameona alichobeba. Huku kwetu mtu haendi kwa nesi mikono mitupu. Mayai sita ni kikohozi. Mayai dazeni moja na chupa ya jamu, kuna jambo, mwambie avue shati. Paja la kondoo, piga simu kwanza, salamu baadaye. Mansie alikuja amelibana paja zima la kondoo kwapani, na mguu umevunjika. Katika miaka yake yote kisiwani Andrina alikuwa amepokea mapaja manne tu, na kila moja liliishia kwenye helikopta.

Hakuna aliyemfundisha mambo haya, aliyaokota mwenyewe. Alijifunza kutazama bomba la moshi la nani halijatoa moshi asubuhi, nguo za nani hazijaanikwa Jumatatu, nani ameacha kufuma. Yeye si mzaliwa wa Vaelsay. Alikuja kushikilia nafasi kwa miezi sita, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano na koti jekundu ambalo watu wanalikumbuka hadi leo. Miezi sita hiyo sasa imeingia mwaka wa kumi na tisa.

Basi mwezi wa pili, mguu wa Mansie ukiwa umeshaunga kwa namna yake, zikaja fomu. Ofisi ya afya mjini ilikuwa inatathmini visiwa vyote vidogo ili ipange upya huduma: kisiwa gani kinahitaji nini, nani akae wapi. Kila mtu mzima alipewa fomu yake na bahasha yake. Maswali yalikuwa mazuri, tena yaliandikwa na watu wenye nia njema. Je, una maumivu? Je, unapata shida kutembea, kulala, kuona, kupumua? Pembeni palikuwa na visanduku vinne: hakuna, kidogo, kiasi, sana. Chini palikuwa na nafasi ya kueleza kwa maneno yako mwenyewe. Andrina aliwasihi watu wajaze zote, nao wakajaza zote. Ya kwake aliijaza kwa dakika tatu, amesimama, kwa kuwa feri ilikuwa inakaribia kung'oa nanga na alikuwa na sampuli za damu za wagonjwa za kupeleka gatini.

Majibu yalikuja mwezi wa nne. Barua ilikuwa na heshima zote. Iliwapongeza wakazi wa Vaelsay kwa afya ambayo haikuonekana katika kisiwa kingine chochote. Watu hamsini na wanane pamoja na watoto, waliojibu hamsini na mmoja, wenye tatizo kubwa hakuna hata mmoja. Wenye tatizo kidogo walikuwa arobaini na tisa. Hao wengine wawili waliandika "si haba" na kuongeza maoni kuhusu hali ya hewa. Mtu fulani ofisini, msomi mwangalifu kutoka kusini, alikuta neno peerie limeandikwa mara mia moja na kumi na mbili, akafungua kamusi, akapata maana yake, akalitia kila mahali kwenye kisanduku cha kidogo. Kwa hiyo ofisi ilipendekeza kwamba ifikapo mwezi wa kumi nafasi ya nesi wa kudumu iondolewe, na badala yake nesi mgeni aje na feri kila baada ya wiki mbili, hali ya bahari ikiruhusu. Kabla ya uamuzi wa mwisho mtathmini angekuja kusikiliza maoni.

Andrina aliisoma barua ile kwenye kaunta ya duka la Osla Mouat, maana Osla ndiye duka, ndiye posta, na ndiye mkuu wa zimamoto ya kiwanja cha ndege. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaomba sukari. Nyumba anayokaa ni ya kazi. Kazi ikiondoka na nyumba inaondoka, na yeye pamoja nayo. Lakini lililomkata maini si nyumba. Alimfikiria huyo nesi wa kila wiki mbili, kijana wa watu, akimuuliza Mansie hali yake, akiambiwa peerie, akifunga begi na kuwahi feri. Mtu angekufa kwa adabu, na fomu yake ingekuwa safi kabisa.

"Hebu nipe," Osla akasema, akainyakua. Aliisoma midomo ikicheza. "Tumejitia kitanzi wenyewe. Wewe uliandika nini kwenye yako, dada?"

Andrina akasema haikumbuki, ilikuwa ya haraka haraka. Osla akasema dawa ni moja tu, watu wafundishwe kulalamika.

Walifanya mafunzo hayo Jumapili, kwenye chai ya ukumbini, ambayo watu huijia hata kama bahari iko juu ya barabara. Kulikuwa na mikate bapa, supu ya kondoo wa chumvi, na keki za aina kumi na moja. Osla alivaa miwani ya kusomea, akashika kalamu na kusimama mbele kama ndiye mtathmini. Akamwita Mansie kwanza, kwa kuwa mguu wake ulikuwa mali ya umma.

"Mzee Mansie, mguu vipi?"

"Upo."

"Mgeni hataki kujua kama upo. Unauma?"

Mansie aliona macho ya ukumbi mzima, akawa mwekundu mpaka masikioni. "Unauma, ndiyo," akasema. Ilimtoka kwa taabu. Kisha, akihofia amepitiliza, akaongeza, "Lakini ninao mwingine."

Watu walicheka, naye akarudi kwenye keki yake akiwa amefarijika. Wakajaribiwa wengine. Mmoja alisema mapafu yake si mabaya kwa mapafu ya aina yake. Mwingine alikiri ana kisukari, halafu akaomba radhi. Kufika mtu wa sita Osla alivua miwani na kusema kwamba kwa mwendo huu bora wapeleke kondoo wakatoe maelezo. Andrina alikuwa akipitisha birika la chai na kutabasamu kama wengine, lakini alikuwa anakata tamaa. Aliwapenda watu hawa, na aliona wazi kwamba watampoteza kwa sababu ya tabia ileile aliyowapendea.

Zamu ikamfikia Girzie Eunson, bibi wa miaka themanini na minane, aliyekuwa anafuma bila kutazama sindano. Alisema yeye hana neno.

"Hana neno?" Mansie akasema kutoka kona yake. "Jumatano alilipungia mkono pipa la mafuta. Akaliuliza hali ya mguu."

"Na wewe je?" Girzie akasema, sindano hazijasimama. "Ngazi unashuka kinyumenyume. Usiku unaamka mara nne, taa yako naiona."

"Taa unaionaje, na wewe huoni?"

"Taa naiona. Pipa ndilo silioni."

Hapo ukumbi ukafunguka. Mke akasema mume wake hajasikia ndege ikitua tangu Krismasi, na huyo mume ndiye anayeongoza ndege. Dada akasema habari za mgongo wa kaka yake, kaka akajibu kwa habari za kifua cha dada, shemeji akaingilia na habari za wote wawili. Watu waliojibu kwa neno moja juu ya miili yao sasa walikuwa na tarehe, saa, na rangi ya makohozi. Wote walikuwa wamechungana kwa mapenzi kwa miaka na hakuna aliyewahi kuwauliza. Andrina aliweka birika chini. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, kikiwa na koti la mtu na sahani ya mtu, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Alipopata pumzi aliwaeleza. Mgeni akija, hakuna atakayejisemea. Kila mmoja amchague mtu wa kumsemea, kwa hiari yake, na asiyetaka mambo yake yatajwe hadharani aseme sasa. Watatu walisema, wakapangiwa kuzungumza na mgeni kando. Wengine wakaanza kuchaguana kwa kelele kama wanagawana timu za mpira. Mansie na Girzie walitazamana vibaya kwa dakika nzima, kisha wakachaguana.

Mtathmini alikuja Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, na jina lake ni Neville Pettifer. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye begi zuri la ngozi, na bahari ilikuwa imemfanyia unyama. Alipoingia ukumbini rangi yake ilikuwa ya majani. Girzie akamuuliza safari ilikuwaje.

"Mbaya sana, mama," akasema. "Nilidhani nakufa."

Ukumbi uliingiwa na hofu. Hakuna mtu aliyewahi kusikia maneno kama hayo kutoka kwa mtu anayetembea. Girzie alimletea kiti na blanketi, akamnong'oneza Osla awatafute ndugu wa mgeni. Ilichukua vikombe viwili vya chai kuwashawishi kwamba ataishi.

Kisha Bwana Pettifer akasimama, akawashukuru, akawauliza wote kwa jumla hali zao.

"Si haba," wakajibu, watu hamsini kwa sauti moja.

Akaitikia kwa kichwa kwa furaha na kusema ndivyo fomu zilivyosema. Andrina aliacha vikombe alivyokuwa anaosha. Alisimama nyuma karibu na sinki, mikono ikiwa imelowa.

"Bwana Pettifer," akasema, "usimuulize Mansie habari za Mansie. Muulize habari za Girzie."

Aliuliza. Aliuliza kwa adabu, kidogo tu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, na Mansie akazungumza dakika tisa. Girzie akamlipa dakika kumi na mbili. Baada ya hapo mgeni hakuhitaji kuuliza tena. Alipelekwa meza kwa meza. Aliandika mpaka karatasi zikaisha, akaandika nyuma ya tangazo la mashindano ya kukata manyoya ya kondoo, akaandika kwenye kadibodi ya keki. Chai yake ilipoa mara tatu na mara tatu ikabadilishwa. Katikati alisimama, akatoa ile ripoti ya mwezi wa nne, akaitazama kama mtu aliyepewa mzigo usio wake. Aliuliza imekuwaje hakuna hata moja kati ya haya kwenye fomu. Andrina akamwambia yapo yote, akamwonyesha neno peerie, na akamsimulia kuhusu mguu wa Mansie na kipande cha pili cha mkate.

Bwana Pettifer hakucheka mara moja. Alihesabu kitu kimya kimya, midomo ikitembea, na rangi ikamtoka upya. "Mara mia moja na kumi na mbili," akasema. Ndipo alipocheka, kicheko cha mtu aliyeepuka jambo, na watu wakampenda.

Alipokuwa anafunga begi aliona kwamba kuna mtu mmoja hakutajwa. Akauliza nani anamsemea nesi.

Watu wakatazamana. Katika kuchaguana kote kule hakuna aliyekumbuka, na Andrina mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika orodha. Alifuta mikono kwenye aproni akasema asisumbuke, yeye yuko sawa, si haba, labda uchovu peerie.

Alilisikia neno baada ya kulitoa. Ukumbi wote ulilisikia. Osla alifunga macho. Bwana Pettifer akapekua fomu zake polepole, akaitoa moja, na kwenye nafasi ya maneno yako mwenyewe ilikuwa imeandikwa kwa haraka, kwa kalamu ya bluu: uchovu peerie.

Mansie akasimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa angekasirika.

"Nitamsemea mimi," akasema. "Huyu mwanamke hajatoka kisiwani kwa usiku mzima tangu miaka sita iliyopita. Viatu vyake anavilaza kando ya kitanda, vimefunguliwa kamba. Goti la kulia limekwisha, analivuta akidhani hatumwoni. Dada yake yuko Aberdeen, ana mjukuu wa miaka minne, na nesi wetu anamjua mtoto huyo kwa picha. Anatujua sote kwa mayai tunayobeba. Yeye hana wa kumpelekea mayai." Akatafuta pa kuweka macho, akayaweka kwenye sahani. "Hatumwombei abaki hivi, bwana. Tunamwomba abaki, na apumzike. Vyote viwili."

Akaketi. Girzie akampiga paja kwa upande wa sindano kuonyesha amesema vizuri. Andrina aligeukia sinki akaosha kikombe ambacho kilikuwa safi, kwa muda mrefu, na watu wakamwacha aoshe.

Barua nyingine ilikuja mwezi wa saba, na Osla aliifungua yeye mwenyewe kinyume cha sheria zote za posta, akapanda baiskeli nayo hadi zahanati. Nafasi ya nesi inabaki. Zaidi ya hayo zitakuwa mbili: manesi wawili kupokezana, wiki tatu kwa wiki tatu. Fomu za visiwa vidogo zitarudiwa, safari hii kwa swali la nyongeza ambalo mkazi humjibia mtu aliyemchagua. Chini Bwana Pettifer alikuwa ameongeza kwa mkono kwamba kwenye kamusi ya ofisi, mbele ya neno peerie, sasa pameandikwa: uliza jirani.

Nesi wa pili aliitwa Runa Inkster, msichana wa kisiwa cha Unst, mwenye mabega mapana na mwepesi wa kucheka. Andrina alimkabidhi funguo, faili, na karatasi moja ya ziada iliyoanza na mayai sita. Runa aliisoma yote akauliza paja la kondoo ni utani. Andrina akamwambia si utani.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na jua na upepo wa kukausha nguo. Andrina alishuka gatini na sanduku moja na lile koti jekundu, ambalo bado lilimtosha akishikilia pumzi. Aliwaza juu ya mtoto wa Aberdeen, kama atamwogopa, kama atamruhusu kumbeba. Osla alikuwa pale na sandwichi za watu wanne. Girzie alikuwa pale, ameleta kofia peerie aliyoifuma kwa rangi saba, na aliikabidhi kwa mtu sahihi mara ya kwanza. Mansie alikuja wa mwisho, kwa mwendo wake. Kwapani alibana kitu kilichofungwa kwa gazeti.

Andrina aliona umbo lake na mfupa uliochomoza. Aliangusha sanduku. Kabla hajafikiri alikuwa ameshamshika mzee kifundo cha mkono, akihesabu mapigo.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Mzee Mansie, nitazame. Wapi?"

Mansie akatazama bahari. Akasema kuku wa Andrina atawalisha yeye mwenyewe, asiachiwe Runa, maana wale kuku ni wakorofi. Akasema upepo umegeuka vizuri. Andrina alimwacha, mapigo yakiwa sawa chini ya vidole vyake, maana katika miaka kumi na tisa alikuwa amejifunza kusubiri. Feri ikapiga honi. Mansie akamwekea lile paja la kondoo mikononi, zito na la baridi.

"Tutakukosa," akasema. "Peerie."

Akageuka akaanza kupanda mlima, na hakuangalia nyuma. Andrina aliingia kwenye feri amelikumbatia paja la kondoo kifuani mwa koti jekundu, akilia na kucheka kwa pamoja mbele ya abiria wote saba. Mfanyakazi wa kamba akamuuliza kama hali yake ni salama.

"Si haba," akasema.